Harambee ya zahanati: tumechoka kukinga paa kwa beseni

Ndugu, jamaa na marafiki,

Tunawasalimu kwa heshima, na kwa haya kidogo, maana si mara ya kwanza kuwapitishia bakuli.

Usiku wa dhoruba iliyotupiga, mama mmoja alijifungua kwenye zahanati yetu ya kisiwani huku mama mkwe wake akiwa amesimama na beseni, akikinga maji ya paa yasimdondokee. Likijaa anamwaga dirishani, anarudi. Boti isingeweza kutoka kwenda bara. Mtoto ni mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini maji yaliingia kwenye betri za sola, friji likazima, na chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zikatupwa, pamoja na oksitosini, sindano ya kuzuia mzazi asivuje damu. Mzazi anayevuja damu anaweza kufa ndani ya saa 2. Sisi bara hatufiki kwa saa 2.

Tukiri: mlituchangia kuijenga zahanati hiyo, tukaharakisha. Zege lilikorogwa kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi ikala nondo, kutu ikavimba, kuta zikapasuka. Mabati yalikuwa membamba, misumari ya kawaida. Fundi mmoja mzee alituonya, tukamdharau kwa kuwa hana cheti.

Safari hii tumeuliza kwanza. Wavuvi wametuonyesha maji yanapofika bahari ikipanda, kwa hiyo jengo linahamia mwinuko. Paa litakuwa la pande nne, na la baraza litajitegemea, upepo ukiling'oa usiondoke na la wodi. Mvua itaingia tangini. Friji jipya litagandisha barafu mchana kwa jua, na barafu hiyo itatunza baridi usiku bila betri. Akina mama wamedai chumba cha kusubiria uchungu, chenye jiko, ili wafike kabla bahari haijachafuka. Hakikuwamo kwenye ramani ya kwanza (ilichorwa na wanaume watupu).

Mashine ya boti mliinunua nyinyi, na inafanya kazi hadi leo. Kila mchango utaandikwa, utatolewa kwa saini tatu, na hesabu itabandikwa mlangoni kila mwezi.

Kuna waliozaliwa kwenye zahanati hiihii ambao tukipiga simu hazipokelewi. Majina hatutaji.

Asiye na fedha atupe siku mbili za kubeba matofali. Saruji inavuka bahari ikiwa shwari tu; ikichafuka, tumekwama hadi msimu ujao.

Kamati ya ujenzi