Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: majina ya mgambo waliovuka Mto Kagera

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Bahi. Ninaandika kuhusu vijana wa mkoa huu waliokwenda Vita ya Kagera wakiwa mgambo. Ombi langu ni kwamba ofisi yako iagize kila kata iandike majina yao, ya waliofia vitani na ya waliorudi, wakati bado wapo wazee wanaoyakumbuka, na kwamba majina hayo yasomwe katika kata hizo kila Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Historia yenyewe unaifahamu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakaua raia na kupora mifugo, na Amin akatangaza kuwa ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Jeshi la kudumu peke yake halikutosha kwa vita ya ukubwa ule, ndipo maelfu ya mgambo walipoitwa kutoka vijijini, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Walikomboa Kagera, wakaingia Mutukula Januari 1979, wakapita Masaka, wakapigana Lukaya mwezi Machi dhidi ya askari wa Amin waliosaidiwa na Walibya, na Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwao na mwa Waganda waliopigana bega kwa bega nao. Vita haikuishia hapo, kwani waliendelea hadi mpaka wa Sudan, walikofika mwanzoni mwa Juni, na sehemu kubwa ya njia hiyo waliitembea kwa miguu. Waganda wenyewe waliwaita wakombozi.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 22, mtama wake ukiwa haujapandwa, alipopanda treni katika stesheni ya Bahi pamoja na wenzake watano wa kata yetu. Mpaka leo ana sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake mna karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo mikunjo yake imechanika hata haiwezi tena kufunguliwa bila kuishikilia kwa viganja viwili. Jina lake bado linasomeka. Namba yake ya jeshi imeliwa na mchwa. Miaka mingi iliyopita aliipeleka karatasi hiyo katika ofisi moja ili athibitishiwe utumishi wake, akaambiwa arudi wiki inayofuata, akarudi mara tatu, kisha akaacha. Simwandikii madai yake hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hadai kitu. Kinachomuumiza ni wale wenzake wawili ambao hawakurudi.

Mama wa mmoja wao nilimfahamu. Alikuwa jirani yetu, na kila treni ya abiria ilipopiga honi kuingia Bahi aliacha anachokifanya na kutazama upande wa stesheni, miaka mingi baada ya vita kwisha. Pale Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa mashujaa wa vita hiyo zaidi ya mia sita. Hakuna aliyewahi kumweleza kama mwanawe yumo miongoni mwao, naye alifariki bila kujua.

Kila mwaka tunaona Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa na mwakilishi wa wazee akiweka shoka, na ninaamini heshima ile ni ya kweli. Lakini mtoto wa shule huku kwetu anaiona kwenye runinga akidhani mashujaa ni watu wa mbali, ilhali nyumba ya mmoja wao anaipita kila asubuhi akienda darasani.

Kazi ninayoiomba haihitaji bajeti kubwa. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wakae na wazee baada ya mavuno, watu wakiwa nyumbani, na kila jina liandikwe pamoja na jina la baba na la kitongoji. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu Wagogo tunarithishana majina ya mababu, na orodha yenye akina Mazengo saba bila maelezo haitamsaidia mtu. Kisha ofisi yako, ambayo ina njia ya kulifikia Jeshi kuliko sisi, iombe orodha hizo zilinganishwe na majina ya waliozikwa Kaboya, na familia zipewe jibu kwa maandishi. Aliyekuwa na umri wa baba mdogo wakati ule sasa anakaribia miaka sabini au ameshaipita, na kila masika tunazika baadhi yao.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Nina daftari lenye majina ya wanne kati ya wale watano. Wa tano, mmoja wa wasiorudi, alitoka kijiji kingine, na baba mdogo anakumbuka tu jina la utani walilompa kwenye treni. Nimesikia dada yake anaishi Chipanga. Nitakwenda kumuuliza jina kamili la kaka yake kabla sijakuletea nakala ya orodha hiyo ofisini kwako.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Bahi