Kuhusu: chupa isiyo sahihi na ukurasa wa 6 wa kijitabu chenu

Bukavu, labo ya fiziolojia

Bwana Mkurugenzi,

Kisanduku cha mazoezi ya msuli wa mdudu tulichowaagiza kilivuka mpaka wa Ruzizi salama, hakuna hata chupa iliyopasuka. Lalamiko letu ni juu ya kilichomo.

Kijitabu chenu kinamwambia mwanafunzi adondoshee asetilikolini ya chupa yenu (kemikali ambayo neva hupitishia amri) kwenye msuli wa paja la panzi, aone ukijikunja, kisha atie ketamini na kudondoshea tena. Msuli ukitulia, aandike kwamba dawa hiyo ya usingizi imeziba vipokezi, yaani sehemu za msuli zinazoipokea kemikali. Hayo ni maelezo ya chura! Kwa chura, na kwetu sisi watu, neva huuamrisha msuli kwa asetilikolini. Kwa mdudu, amri ya kujikunja huja kwa kemikali nyingine, glutamati, na ya kulegea kwa ile iitwayo GABA. Asetilikolini anayo, lakini kazi yake iko huko kwenye neva za kati.

Ilivyokuwa: mguu umebanwa kwa pini juu ya nta, ngozi ya paja imefunguliwa, msuli unang'aa ndani ya maji ya chumvi. Tone la kwanza, kimya. La tano, kimya. Wengine walikuwa wameshashika ketamini (tuliipata kwa daktari wa mifugo) pale binti mmoja wa mstari wa nyuma aliposema: «Mwalimu, lakini huyu hajashtuka hata kabla ya dawa.» Nilimshukuru mbele ya wenzake. Bila yeye, daftari ishirini zingeandikwa kwamba ketamini imefanya kazi, kumbe hapakuwa na kitu cha kuzuia.

Tukadhani msuli umekufa. Tukagusa neva kwa waya za betri, mguu ukaruka. Basi nikamtuma kijana dukani alete ule unga mweupe wa kutia ladha kwenye mboga, maana ule ni glutamati ya sodiamu. Tukapima miligramu 19 kwa mililita 100 za maji yale yale ya chumvi. Tone moja tu, msuli ukajikunja. Unga wa kupikia sombe umefanya kile ambacho chupa yenu ya dola 45 imeshindwa.

Saa ikawa imekwisha, ketamini ikarudi kabatini. Na hilo ndilo linalouma, kwa sababu swali la siku lilikuwa zuri: katika ubongo wa mamalia ketamini huziba mlango wa kipokezi cha glutamati cha aina ya NMDA, je, kile cha msuli wa panzi, ambacho ni cha ukoo mwingine, kitaguswa pia? Kwa asetilikolini swali hilo haliulizwi kabisa.

Tunaomba chupa ya glutamati bila malipo, usafiri ukiwa juu yenu, pamoja na ukurasa wa 6 uliosahihishwa, kwetu na kwa kila chuo mlichokiuzia kisanduku hiki. Chupa yenu tumeifunga. Mkiitaka, mtume mtu kuichukua. Zoezi tunalirudia baada ya wiki tatu.

Msimamizi wa labo