Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Grand Rapids

Wanangu,

Salamu nyingi. Hotuba zenu za Kiingereza, za kutaka watu wetu waachane na polisi, nimezisikia na ni nzuri, ila mama zenu waliokaa viti vya nyuma hawakuambulia kitu. Ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili, ili barua hii isomwe sebuleni.

Yaliyotokea mnayajua. Tarehe 4 Aprili 2022, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 kutoka Kongo ambaye familia yake ililetwa hapa Marekani kama wakimbizi, alisimamishwa na polisi kwa sababu namba hazikuwa za gari alilokuwa akiendesha. Dakika chache baadaye alipigwa risasi kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Juni mwaka huo askari aliyempiga alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 jopo la raia lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba kesi haitarudiwa. Tangu hapo nawaona wengi mmenyong'onyea. Vikao vimepungua watu, kana kwamba haki yote ilikuwa imewekwa ndani ya chumba kile cha mahakama.

Naomba mtazame Chicago. Kamanda wa polisi Jon Burge na watu wake walitesa Weusi zaidi ya mia moja kati ya 1972 na 1991, wengine kwa umeme. Burge alifungwa, ndiyo, lakini kwa kusema uongo chini ya kiapo, maana muda wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa umepita. Alipewa miaka minne na nusu, na pensheni yake haikuguswa. Kifungo hicho hakikumtibu hata mmoja wa walioteswa. Kilichowafikia kilitokana na wenyeji waliokutana mwaka baada ya mwaka pamoja na walioteswa wenyewe, wakaandika wanachotaka, wakakibeba hadi baraza la jiji. Novemba 2014 vijana wa rika lenu walikwenda Geneva kulisema jambo hilo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Mei 2015 jiji likapitisha fidia ya dola milioni 5.5, likaomba radhi, likakubali kituo cha ushauri nasaha, masomo ya bure katika vyuo vya jiji, na historia hiyo kufundishwa darasa la 8 na la 10. Hakuna hakimu ambaye angeweza kuwapa hayo.

Sasa niseme linaloniwasha. Mnasema watu wetu waache kupiga 911, namba ya dharura inayoleta polisi. Sawa, wampigie nani? Nimefanya ukalimani mahakamani na hospitalini miaka mingi, na wanaopiga simu hiyo nawafahamu. Mama amepigwa na mumewe saa nane za usiku. Hataki mumewe afungwe. Anataka alale usiku ule bila kupigwa. Askari wakija, mume anakamatwa, na kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 asiye raia akitiwa hatiani kwa kumpiga mke anaweza kurudishwa alikotoka. Kodi ya nyumba atalipa nani? Basi safari nyingine anafunga mdomo.

Najua jibu lenu: tuna wazee, tuna usuluhishi wetu tangu enzi. Mimi ni mmoja wa wazee hao, na nawaambia msiharakishe kutusifu. Kwenye vikao vingi mama ameambiwa avumilie kwa ajili ya watoto, mume akaombwa atoe soda na senti kidogo, na mambo yakaishia hapo. Kama hicho ndicho mnachotaka kiwe badala ya polisi, huyo mama ana haki ya kuendelea kupiga simu yake. Mwaka 2001 wanawake wa INCITE!, kundi linalopinga ukatili dhidi ya wanawake, pamoja na Critical Resistance, kundi linalopinga magereza, waliwaandikia wanaharakati wote wa Marekani jambo hili hili: huwezi kupinga magereza huku ukimwacha anayepigwa nyumbani bila mlinzi. Kwa hiyo tafuteni kina mama wanne au watano wanaoaminika, wenye gari na chumba cha ziada, wanaojua kutunza siri. Namba zao zisambae kanisani, msikitini na kwenye maduka yetu. Wawe na wanaume wa kwenda kuketi na yule mume usiku huo, na tena wiki inayofuata, na mwezi unaofuata. Hiyo ndiyo kazi, na haina kamera.

Kwa mgonjwa wa akili, majiji mengine yametangulia. Denver tangu Juni 2020 hutuma gari lenye mhudumu wa afya na mshauri, bila bunduki, na watafiti waliona taarifa za makosa madogo zikipungua kwa asilimia 34 kwenye maeneo hayo. Eugene, kule Oregon, walianza mapema zaidi, mwaka 1989, wakatumika zaidi ya miaka thelathini. Lakini Aprili 2025 huduma ile ilisimama mjini humo kwa kukosa fedha. Kitu chema kisicho na fungu lake kwenye bajeti hufa hata kikipendwa na kila mtu.

Na fungu hupatikana kwa kura, ambako haraka huponza. Minneapolis, wiki mbili tu baada ya George Floyd kuuawa na polisi, madiwani tisa walipanda jukwaani Powderhorn Park wakaahidi kuivunja idara ya polisi. Novemba 2021 wananchi walipopewa karatasi za kura, asilimia 56 walikataa. Wengi hawakuwa wapenzi wa polisi. Walikuwa wamesikia kitakachoondolewa, hawajaonyeshwa kitakachokuja.

Hapa kwetu kuna kizuizi ambacho vijana wengi hamkitaji. Katiba ya jiji hili, kwa kura ya mwaka 1995, inalazimisha asilimia 32 ya mfuko mkuu wa bajeti ya jiji iende kwa polisi, isipungue. Diwani akiwa rafiki yenu kiasi gani, hawezi kushuka chini ya hapo. Wanaoweza kubadili ni wapiga kura peke yao. Wengi waliokuja kama familia ya Patrick wamekwisha kutimiza miaka mitano ya kuombea uraia. Wengine wamekula kiapo, wakapiga picha na bendera, kisha hawakujiandikisha kupiga kura hadi leo.

Kabla ya maandamano mengine, gaweni mitaa. Kila mmoja achukue majengo mawili matatu, abishe hodi, anywe chai akipewa, aulize nani ana kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi nchini daima, nani ni raia, nani amejiandikisha. Aulize pia mara ya mwisho walipiga 911 kwa jambo gani. Majibu yote yaandikwe bila majina ya watu. Mkimaliza nileteeni daftari hilo, tukae tulisome pamoja na mama zenu.

Mzee wenu,
mkalimani, Grand Rapids, Michigan