Barua kwa matabibu vijana: hesabuni pumzi kwanza

Wanangu matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, salaam.

Mjadala wenu juu ya akili mnemba umenifikia. Wapo kati yenu wanaoiuliza kwenye simu mgonjwa akiwa bado amekaa kitini, na wapo wanaoikimbia wakiamini imekuja kuwatoa kazini. Mimi ni tabibu mstaafu, baadhi yenu mmepita mikononi mwangu chuoni, na nina neno kwa pande zote mbili. Naiunga mkono, ila nina sharti.

Aliye hospitali ya rufaa ana wa kumuuliza. Daktari bingwa yupo, wenzake wa zamu wapo, maabara iko wazi usiku. Wewe uliyepangiwa zahanati ya kijijini, saa nane za usiku, umebaki na mgonjwa, mwongozo wa matibabu uliochakaa na mtandao unaokuja na kuondoka. Upweke huo unaua watu. Makosa mengi ya kazi yetu hayatokani na ujinga. Yanatokana na uchovu, foleni na kukosa jicho la pili. Kitu kinachokukumbusha kwamba hukuuliza kama mama ana mimba, au kwamba dozi uliyoandika ni kubwa kwa uzito wa mtoto huyu, ni msaada ambao kizazi changu hakikuupata.

Ushahidi upo, tena wa karibu. Mwaka 2025, kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi zilijaribu programu ya namna hiyo ndani ya mfumo wao wa kumbukumbu za wagonjwa. Tabibu anaandika kama kawaida, programu inasoma, kisha inaonyesha kijani (hakuna tatizo), njano (angalia tena) au nyekundu (kuna hatari). Ikiwa nyekundu, lazima usome ilichosema kabla ya kuendelea, lakini uamuzi ni wako. Katika mahudhurio karibu 40,000, waliosaidiwa na programu walifanya makosa ya utambuzi wa ugonjwa machache kwa asilimia 16 kuliko wenzao, na ya matibabu machache kwa asilimia 13.

Nimefurahi kusoma hayo, na nawaomba nanyi mfurahi. Kisha someni na yaliyobaki. Utafiti ulifanywa na kliniki zenyewe pamoja na OpenAI, kampuni iliyotengeneza akili hiyo. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikutosha kuthibitisha kitu. Na programu haikufanya kazi kwa kuwekwa tu kwenye kompyuta: mwanzoni wengi waliipita ile nyekundu wakaendelea na yao. Mambo yalibadilika viongozi na matabibu wenzao walipokaa nao, wakawaonyesha matumizi yake, wakafuatilia.

Sisi wazee hatushangai. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoingia, wengi tulikuwa tumezoea kwamba kila homa ni malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Vipimo vikaja, majibu yakatoka hasi, na bado wako waliomwandikia mgonjwa mseto, dawa ya malaria. Wengine walikubali kuwa si malaria, wakampa antibiotiki bila kutafuta homa imetoka wapi. Kipimo kilikuwa kizuri. Kilichokosekana ni tabibu wa kufikiri baada ya jibu.

Sasa sharti langu. Mpime mgonjwa kwa mikono yako, andika unachofikiri, ndipo uiulize mashine. Mpangilio huo usigeuzwe.

Mashine haimwoni mtoto. Inasoma ulichoandika. Mtoto mwenye kikohozi unamhesabia pumzi dakika nzima, akiwa ametulia, nguo zimefunuliwa kifuani. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Unatazama kama kifua kinabonyea anapovuta hewa. Unamuuliza mama kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Ukiandika 36 kwa kukisia kwa sababu foleni imefika mlangoni, mashine itaichukua 36 hiyo kuwa kweli. Itakujibu kwa lugha nzuri iliyopangika, itakupa kijani, na mtoto mwenye nimonia atarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Waliowahi kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, mwisho wa mwezi kwa kukumbuka-kumbuka wananielewa.

Na ukiizoea kuliko inavyofaa, jicho lako linafifia. Huko Poland, madaktari wanaotazama utumbo mpana kwa kamera waliletewa akili mnemba ya kuwaonyesha vivimbe. Utafiti uliotoka mwaka 2025 uliangalia kazi yao siku ambazo hawakuitumia. Kabla haijaja, walikuwa wakigundua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani kwa wagonjwa 28 hivi katika kila 100. Baada ya kuizoea, bila msaada wake, waligundua kwa 22 hivi. Hao ni wataalamu wenye uzoefu mrefu. Ninyi mnaoanza, ambao jicho lenu bado linajengwa, mna zaidi ya kupoteza. Na umeme ukikatika, mgonjwa hatasubiri urudi.

Jambo jingine ni la siri ya mgonjwa. Jina lake, kijiji chake, majibu yake ya VVU, visiingie kwenye programu ya simu yako binafsi, hata ukiwa na nia njema. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na kiapo chetu ni cha zamani kuliko sheria hiyo.

Waganga wafawidhi na ninyi wa halmashauri, msiwape vijana hawa programu na nywila mkaondoka. Tengeni saa moja kila wiki. Kuwe na kaunta buku ya kuandika mahali mashine iliposema kweli tabibu akapuuza, na mahali ilipokosea tabibu akaifuata, bila kumtafuta wa kumuadhibu. Yasomwe kwa pamoja, na ajulikane anayepeleka taarifa kwa waliotengeneza programu, maana wengi wao hawajawahi kukaa kwenye zahanati yetu hata siku moja.

Mkianza vikao hivyo na mkataka mzee wa kuketi nanyi, niiteni. Nitakuja na saa yangu ya mkononi, tuhesabu pumzi pamoja.

Mzee wenu,
Tabibu mstaafu