Aksanti sana papa wa pale parkingi

Papa, jina yako hatukuuliza, lakini kama unasoma hii ujue familia yetu yote hapa Lubumbashi inakushukuru sana sana. Gari yetu ilitoka Marekani, kontere yake, ile ya kuonyesha mwendo, ilikuwa inaonyesha maili tu, namba za mwangaza bila mshale, na kaka yangu njo anaendeshaka mu barabara ya Likasi, sasa kibao ya barabara inasema 40 ya kilometa na kontere inasema 40 ya maili, kumbe gari iko inakimbia kilometa 64 kwa saa, juu maili moja ni kilometa 1.609, na pale watoto wa masomo wanakatisha barabara! Garaje moja ilitaka tununue kontere mupya mzima.

Wewe ulikuja kusalimia tu, ukaingia, ukafinya butoni za kwenye volani, ukafungua menyu, ukachagua kilometa, ikaisha. Na haukukimbia, ukabakia kutuonyesha kama ile hesabu ya safari zote za gari nayo imegeuka, toka maili 100,000 ikawa karibu kilometa 161,000, ukasema tuiandike mu karatasi za gari, siku ya kuuzisha mtu asiwaze tulichezea kontere. Ile akili ni ya mtu anajali wengine kabisa. Tena ukaelezea jirani mwenye gari ya mshale asome tu mstari wa kilometa, ule wenye namba zimeandikwa ndogo-ndogo.

Feza ukakatala, hata ya soda. Mungu akulinde mu njia papa, na ukipita tena huku mama anasema bukari na samaki ni yako.