Mwanangu, usiniambie ni mwendo tu

Assalaam aleikum, mwanangu.

Sisi hapa Amu ni wazima, alhamdulillahi, ila mamako tangu Ijumaa halali. Ile karatasi ya mashtaka uliyotuma kwa simu, ami yako amenisomea mara tatu, na mara ya nne nimeisoma mwenyewe kwa miwani ya marehemu bibi yako. Kilomita 140 kwa saa, saa kumi na moja na robo alfajiri, kati ya Matsangoni na Gede, gari la abiria. Gari la abiria mwisho wake ni 80. Halafu nikakumbuka maneno yako: "Baba, hakuna aliyeumia. Sikulewa, sikupita mtu kwenye kona, taa zilikuwa zawaka. Ilikuwa ni mwendo tu."

Hiyo "tu" ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Najua wakili wako atasema nini Jumatatu, maana ulinieleza kwa raha kama mtu aliyekwisha achiliwa. Atasema kosa lako ni kuzidisha mwendo, ulipe faini yaishe, na hilo la kuendesha kwa hatari lifutwe, kwa kuwa mwendo peke yake si hatari mpaka uandamane na jambo jingine: ulevi, simu mkononi, kuhama upande. Ni maneno mazuri. Yangekuwa ya mtoto wa jirani ningeyasifu.

Basi nikamwomba ami yako anitafsirie kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki, neno kwa neno. Kinamtaja mtu aendeshaye gari kwa kutojali, au kwa mwendo, au kwa namna iliyo hatari kwa umma. Zihesabu hizo "au". Mwendo umesimama kwa miguu yake, haukungoja ulevi. Kweli, chasema pia mahakama itazame hali zote: barabara ikoje, yatumiwaje, na vyombo vilivyokuwapo wakati ule au ambavyo mtu angetarajia viwepo. Hapo mwisho ndipo panaponinyima usingizi, si hapo pa faini. Wewe wasema barabara ilikuwa tupu. Sheria yakuuliza ungetarajia nini.

Na wewe wajua cha kutarajia pale saa hizo. Wapita kila wiki. Watu wa makaa wanatoka na baiskeli zimebeba magunia matatu, taa hawana, wala kioo cha nyuma hawana. Wako wanaokwenda msikitini na wanaofuata maji. Hawakuwepo asubuhi ile, nashukuru Mungu, lakini si wewe uliyewaondoa njiani.

Dada yako Zainabu yuko kidato cha tatu, fizikia ameipenda mpaka yatuchosha. Nikampa hizo namba zako akakaa nazo mezani. Akasema kwa 80 gari lakata mita 22 kila sekunde, kwa 140 lakata karibu 39. Ukiona kitu ukachukua sekunde moja kufikiri ndipo ukanyage breki, kwa 80 utasimama kama mita 57 mbele, lami kavu na matairi mazima. Kwa 140 ni karibu mita 150. Na kishindo cha kugonga hakiendi sambamba na mwendo: mwendo wako haukufika mara mbili ya ule wa sheria, kishindo kimefika mara tatu. Nikamwuliza taa za gari zamulika mita ngapi zikiinamishwa. Akasema hiyo haimo kitabuni. Mimi nimepanda hayo magari usiku, na mita 150 sijaziona kwa taa hizo. Kwa hiyo ulikuwa ukienda mahali ambapo macho yako hayajafika. Akitokea mtu, ulevi ungeongeza nini?

Sisemi kila mwendo ni hatari. Usinifanye mjinga. Mwaka ule wa mvua nyingi nilimchukua mama wa watu kutoka ng'ambo, mtoto amekwama, nikaifungua mashine mpaka boti ikawa yagusa maji kwa nyuma tu, na yule mtoto leo ananiita babu. Tena sheria yenyewe yajua kupima. Ukizidisha kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, kutoka 11 hadi 15 ni 3,000, kutoka 16 hadi 20 ni 10,000, ulipe uende zako. Ungekuwa ulikwenda 90 nisingeandika barua, ningekutukana kwa simu tukamaliza. Umezidisha 60. Binamu yako aliyeko Toronto anasema kwao mkoa wa Ontario hawabishani: penye kikomo cha 80 au zaidi ukizidisha 50, umeingia kosa moja na wale wanaochezea magari barabarani, leseni yaondoka siku 30 papo hapo na gari lafungiwa siku 14. Hawaulizi kama ulikuwa mzima wa akili. Mimi naona wamefanya vizuri, ingawa kwetu nisingependa uwezo huo apewe askari mmoja pale kando ya barabara, wajua mwenyewe kwa nini. Kwetu liamue hakimu, azitazame hizo hali zote.

Na nikuulize, kwa kuwa hukulisema: spidi gavana ya gari hilo, kile kidude cha kuzuia mwendo, iliondolewa waya na nani? Gari la abiria halifiki 140 kwa bahati mbaya. Tangu waziri Michuki alipoleta sheria zake za matatu mwaka 2004 kila mwenye matatu ana fundi wake wa koleo. Kama ni tajiri wako, sema. Kama ni wewe, basi hiyo "tu" yako imekufa kabla ya hakimu kuketi.

Ami yako akanionyesha na kifungu cha 46. Maneno ni yale yale, kutojali, mwendo, namna ya hatari, ila huyu ameua, na kifungo chafika miaka 10. Cha 47 kosa la kwanza ni faini isiyozidi 100,000 au miaka isiyozidi miwili. Mguu wako ulikanyaga namna moja kwa vifungu vyote viwili. Aliyekuchagulia kifungu ni mtu wa makaa aliyechelewa kuamka.

Ulinijibu kwamba nami nilikuwa nikishindana kwa boti na wenzangu Mokowe, nani atafika gatini kwanza achukue abiria wa basi. Kweli. Na yule mzee wa dau ambaye alikuwa akigeuza uso nikipita barazani pale, ulidhani ni mambo ya siasa. Nilikuwa nimezima taa. Yeye alipona, mkono ndio haukunyooka tena, na wenzangu walisema bahari ni pana, angejitenga. Sikushtakiwa popote. Tusiyazungumze hayo mbele ya mamako.

Wewe ni mzuri wa usukani kuliko mimi, hilo nalisema kila mahali mpaka watu wamechoka nami. Mtoto wa kisiwa ambacho magari ni ya kuhesabu, ukaenda Malindi na shati mbili, leo wageni wanakutaja kwa jina wakitaka kupelekwa uwanja wa ndege. Sasa wageni wakichelewa kuamka ni shauri lao. Ndege zipo nyingi. Jumatatu mwambie wakili akuombee wepesi, hilo silikatazi, lakini asisimame akasema barabara ilikuwa tupu. Vaa shati jeupe. Usitafune chochote kortini.

Pesa za boriti zimefika, fundi ameanza upande wa jikoni, ile ya katikati imeliwa na mchwa kuliko tulivyodhani, kwa hiyo zitahitajika mbili zaidi. Usitume sasa, ngoja tujue faini. Punda amepona jicho. Mamako amekufungia mkate wa mofa na papa mkavu, nimempa utingo wa basi la alfajiri, umwendee mwenyewe stendi, mwaka jana mzigo alirudi nao Mokowe. Zainabu ataka kalkuleta ya sayansi, ile uliyomwahidi.

Ukitoka kortini piga simu ya mamako. Yangu iliingia maji Alhamisi, tulikuwa tukikimbizana na mvua.

Babako