Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria: Mama huyu ameshasema vya kutosha

Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba,

Mimi ni fundi cherehani hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa najua wengi huku wanakiona lugha ya askari. Nimelelewa kambi ya jeshi, ndicho ninachokimudu.

Ninashona na mama mmoja aliyetekwa na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, akiwa mwanafunzi, akarudi na watoto wawili aliowazaa huko msituni. Mwaka jana nilimsindikiza kwenye ofisi moja kumwandikishia mwanawe kitambulisho cha taifa. Karani alipofika kwenye jina la baba na ukoo, mwenzangu akanyamaza. Karani akarudia swali kwa sauti, foleni nzima ikageuka. Tuliondoka na fomu yenye nafasi mbili tupu. Kijana alitangulia, hakutusubiri.

Si kwamba mama huyu hajui kusema. Ameshawasimulia wanasheria, watafiti na waandishi, na wengi wao hawakurudi. Wanawake kama yeye walipeleka ombi Bungeni, na mwaka 2014 Bunge likapitisha azimio la kuwasaidia. Ushahidi wa wenzao ulimtia Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, hatiani kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague mwaka 2021 kwa makosa 61, yakiwemo utumwa wa ngono na mimba za kulazimishwa. Mwaka 2024 korti iliyoketi hapa hapa Gulu ilimfunga Thomas Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, miaka 40.

Na fidia? The Hague iliagiza yuro 750 kwa kila mhanga, nao wanakaribia 50,000, lakini Ongwen hana mali, kwa hiyo fedha zitafutwe kwa wafadhili. Mwenzangu alipiga hesabu pembeni ya karatasi ya vipimo, ikaja kama shilingi milioni tatu. Akacheka, akaendelea kukata kitambaa. Kwoyelo naye hana kitu. Majaji wakasema serikali ilipe. Serikali ndiyo nyinyi, Mheshimiwa.

Sera ya Haki ya Mpito, ya haki na fidia kwa walioumizwa na vita, ilipitishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2019. Sera bila sheria hailipi mtu. Leteni muswada Bungeni, na humo muandike wazi kwamba mtoto aliyezaliwa msituni asajiliwe kwa ukoo wa mama yake bila kuhojiwa mbele ya watu. Huku kwetu, kwa Waacholi, shamba hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo nafasi ile tupu inamnyima kijana hata pa kulima.

Tena, tafadhali, kwenye hotuba zenu msiwaite "wake wa waasi". Mke huposwa. Hawa walifungwa kamba wakabebeshwa mizigo.

Kijana ana miaka 22 sasa. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu. Anayotumia imeandikwa jina langu.

Wako,
Fundi cherehani, Gulu